Msituletee Tena Windows XP

Kuna jambo tunalolijua wote tunaofanya kazi kwenye vituo vya vijana, lakini wageni wakija na kamera tunanyamaza. Kompyuta nyingi tulizopewa haziwezi kufungua intaneti ya leo. Zinawaka, sikatai. Skrini inatoa mwanga, mausi inatembea, watoto wanacheza ule mchezo wa karata. Lakini mwambie kijana afungue barua pepe yake, au fomu ya kuomba shule, halafu simama nyuma yake uangalie. Ukurasa unabaki mweupe. Au linatokea onyo. Au kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mpaka umeme wa sola unaisha. Kijana anageuka ananiambia, "Yaya, hii mashini iko nanikatala."

Na kweli inamkatala. Ninaandika ili tuelewe kwa nini inamkatala na nani wa kuulizwa. Msimamo wangu nausema mapema, msomaji asije akanitafuta katikati ya mistari: kumkalisha mtu mbele ya brauza ya mwaka 2009 na kuita hiyo "mafunzo ya kompyuta" ni kumpotezea muda. Tena ni kumweka hatarini.

Mashine haikuzeeka, imefungiwa mlango

Watu wengi wanadhani kompyuta ya zamani inashindwa kwa sababu imechoka, kama baiskeli ambayo mnyororo umelegea. Sivyo. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Kilichokatika ni mazungumzo kati yake na dunia.

Windows XP ilitoka mwaka 2001. Microsoft waliacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014. Internet Explorer ya mwisho inayokubali XP ni ile ya namba 8, ya mwaka 2009. Chrome iliiacha XP mwaka 2016, ikiwa toleo la 49. Firefox ilivumilia zaidi: toleo la 52 lilitunzwa mpaka katikati ya 2018, basi. Kwa hiyo mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule Firefox inaaga, leo anasoma sekondari, na sisi bado tunamwonyesha dirisha lilelile.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Kile kikufuli kidogo unachokiona juu ya ukurasa maana yake ni kwamba brauza na tovuti zimekubaliana kuongea kwa siri, mtu wa katikati asisikie. Njia hiyo ya siri ina matoleo. TLS 1.0 ni ya 1999, TLS 1.2 ni ya 2008, TLS 1.3 ni ya 2018. Matoleo ya kwanza yalionekana yana udhaifu, na mwaka 2020 brauza kubwa zote zikayaacha. Tovuti nyingi nazo zikayazima. Internet Explorer 8 ndani ya XP inajua lile la 1999 tu. Ni kama mtu anafika usiku getini, anataja neno la siri la miaka ishirini iliyopita. Mlinzi wa leo hakuwahi hata kulisikia. Atafungua vipi?

Jambo la pili ni vyeti. Kila tovuti inatoa cheti cha kusema "mimi ni mimi kweli", na brauza inakilinganisha na orodha ya wakubwa inaowaamini. Wakubwa hao nao vyeti vyao vina tarehe ya kuisha. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha cheti kimoja kinachoitwa DST Root CA X3, ambacho Let's Encrypt walikuwa wanakitegemea ili waaminiwe na mashine za zamani. Hao Let's Encrypt wanatoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti. Mashine ambazo orodha yake haikuwa imesasishwa zikaanza kuona wezi kila mahali. Hata simu za Android za kabla ya 7.1.1 hazina kile cheti kipya, na mnajua wenyewe ni wangapi kati yetu tunashika simu za namna hiyo.

La tatu linachekesha na linauma. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kabetri ka duara kama sarafu, kameandikwa CR2032. Kazi yake kubwa ni kutunza saa wakati umeme umekatika. Kakifa, kila ukiwasha kompyuta inadhani tumerudi miaka mingi nyuma, pengine 2002. Inapokea cheti cha tovuti kilichoanza mwaka huu, inasema: hiki bado hakijaanza kazi, siwezi kukikubali. Nimeona mashine zimepangwa ukutani zimeandikwa "mbovu" kwa sababu ya kabetri ambako duka lolote la saa mjini linauza.

La nne ni uzito. Ukurasa wa zamani ulikuwa maandishi na picha mbili tatu. Ukurasa wa leo ni programu nzima, imeandikwa kwa JavaScript ya kisasa, na nyingi zinapita MB 2 kabla hujasoma neno hata moja. Brauza ya 2009 haielewi sentensi za lugha hiyo. Ikikwama kwenye mstari wa kwanza inaacha yote, ndiyo maana unaona weupe mtupu. Na kama kompyuta ina memori ya MB 512, hata ikielewa itaganda.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu vijana wetu wanajilaumu. Wanafikiri wao ndio hawajui. Mama mmoja aliniambia kichwa chake ni kigumu, kompyuta haimtaki. Hapana mama, kichwa chako hakina kasoro. Umepewa ufunguo wa nyumba iliyobadilishwa kitasa.

Kwa wanaoleta masanduku

Ndugu wafadhili, na nyinyi wa mashirika mnaopokea kwa niaba yetu: ninashukuru. Lakini mnahesabu masanduku. Ripoti inasema kompyuta kumi na tano zimefika, na ni kweli zimefika. Haisemi ngapi kati ya hizo zinaweza kufungua barua pepe. Swali hilo halimo kwenye karatasi yenu, na mimi naomba liingie.

Maana kuna wimbi linakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10. Kompyuta nyingi sana huko Ulaya na Marekani haziruhusiwi kupandishwa kwenda Windows 11, kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya. Ofisi na shule za huko zitazitoa. Zitakwenda wapi? Nyingine zitakuja huku kwetu, Nakivale, Kakuma, Nyarugusu, na kila mahali penye bango la mradi wa vijana. Tusipoongea sasa, baada ya miaka michache tutakuwa tunaimba wimbo uleule, tumebadilisha jina tu: badala ya XP tutasema Kumi.

Na mashine ikishindwa kabisa, haiondoki. Inabaki nyuma ya kituo. Zile skrini kubwa zenye mgongo zina risasi ndani ya kioo chake, na watoto wanazipasua kutafuta shaba. Afrika ililiona jambo la taka za sumu kutoka nje zamani, ndiyo maana kuna Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991. Lakini taka ikifungwa utepe na kuitwa zawadi, hakuna anayeikagua.

Kuna wanaozipenda, na wana haki yao

Niseme kitu ambacho huenda kitawashangaza. Duniani kuna watu wanaopenda kuendesha brauza za zamani kwenye kompyuta za zamani, kwa hiari yao, kwa raha yao. Wananunua Macintosh ya miaka ya tisini, wanaweka Netscape, wanafurahi ukurasa mmoja ukifunguka. Siwacheki. Baadhi yao wamefanya kazi kubwa. Kulikuwa na brauza ya TenFourFox, iliyotunzwa zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya Mac za PowerPC ambazo kampuni zenyewe zilishazisahau, mpaka 2021. Kuna FrogFind, inayochukua ukurasa mzito, inauvua mapambo yote na kukupa maandishi matupu ambayo hata mashine ya kale inayasoma.

Tofauti yetu na wao ni moja. Yule bwana akimaliza kucheza na Netscape yake anageuza kiti, na kompyuta mpya iko mezani. Barua za benki anazifungua kule. Kwetu hakuna kiti cha kugeuza. Mashine ya mchezo wake wa Jumapili ndiyo mashine ya kazi yetu ya Jumatatu. Hatukuchagua uzamani kama mtindo, tumesukumiwa.

Kwa wanaojenga fomu

Mwaka jana dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa anaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Fomu ilikuwa mtandaoni tu, hakuna karatasi. Tulijaribu kituoni, ikawa weupe. Tukajaribu kwenye simu yake, ikafunguka, akajaza ukurasa wa kwanza na wa pili, kwenye wa tatu bando likakata, na fomu ilikuwa haitunzi ulichoandika. Akaanza upya. Siku ya tatu akapanda boda mpaka senta kutafuta kafe, na huko foleni ilikuwa ndefu. Alipofika kwenye kitufe cha kutuma, tarehe ilikuwa imepita kwa saa chache. Taasisi yenyewe siitaji, maana si yeye peke yake, na si wao peke yao.

Wakubwa wa ofisi watasema: usalama unadai teknolojia mpya. Hapo nitawatenganishia mambo mawili. Kufunga njia za siri zilizooza ni sawa, nawaunga mkono kabisa. Tovuti inayopokea jina langu na namba yangu haitakiwi kuongea lugha ya 1999. Lakini ni usalama gani unaodai picha kumi zinazoteleza, video inayojicheza yenyewe na MB 5 kwa fomu ya maswali ishirini? Huo si usalama, ni mapambo. Fomu ya majina, tarehe na sahihi inaweza kuandikwa kwa HTML ya kawaida, ikalindwa kwa TLS mpya, na ikafunguka kwenye kompyuta ya miaka kumi na tano iliyowekewa brauza nzuri.

Ushahidi upo. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti uliwekwa CERN, Uswisi, mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya kambi ya Kakuma kufunguliwa. Mwaka 2013 CERN waliurudisha kwenye anwani yake ya zamani, info.cern.ch. Fungua kwa simu mpya, utasoma. Fungua kwa ile XP yetu, utasoma pia. Ni maandishi na viungo tu, na zaidi ya miaka thelathini imepita. Basi anayesema haiwezekani kumhudumia mwenye mashine dhaifu, aseme tu kwamba hakumfikiria.

"Bonyeza tu Endelea"

Sasa nigeuke nyumbani, maana ukali wa kwenda nje tu ni rahisi.

Baadhi ya walimu wa kompyuta vituoni wamepata dawa. Onyo likitokea, kwamba tovuti hii haiaminiki, wanamwambia mwanafunzi: "Bonyeza tu Endelea." Ikigoma wanazima ulinzi. Ikigoma tena wanashusha programu kutoka mahali pasipojulikana, kwenye fleshi iliyopita kompyuta hamsini. Na darasa linapiga makofi, kwa kuwa ukurasa umefunguka.

Wenzangu, mnajua mnafundisha nini hapo? Mnamfundisha mtu kwamba onyo ni kelele. Mwaka kesho atapata simu nzuri, itamwonya kweli kuhusu tovuti ya matapeli wanaojifanya wanasajili watu kwenda Kanada, na mkono wake utabonyeza Endelea wenyewe. Tunajua wangapi wametoa pesa kwa uongo wa namna hiyo.

Na fikirini ni nini tunaandika kwenye mashine hizo. Mtu wa kawaida akiibiwa neno la siri anapoteza picha zake, labda na pesa kidogo. Sisi tunaandika namba ya faili ya familia, jina la baba, kijiji tulikotoka, sababu ya kukimbia. Kuna watu hapa wanaotafutwa na waliowakimbiza. XP ina matundu ambayo hakuna atakayekuja kuyaziba. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipovamia kompyuta duniani, Microsoft walilazimika kutoa kiraka hata kwa XP waliyokuwa wameshaizika, maana hatari ilikuwa kubwa mno. Hiyo ilikuwa dharura. Si ahadi. Anayemwambia mkimbizi aandike historia yake kwenye mashine ya namna hiyo anaiacha historia hiyo mlangoni usiku.

Majibu kwa wanaonipinga

Kuna wanaosema: mtu aliyepewa bure hachagui. Mimi nauliza, dawa iliyopita tarehe utaimeza kwa kuwa umepewa bure? Kukimbia nchi hakutuondolei akili ya kusoma tarehe.

Kuna wanaosema: XP inatosha kujifunza kuandika. Kweli, inatosha kujifunza kupiga chapa. Basi tuiite mashine ya kupiga chapa, tung'oe waya wa intaneti, na tusimdanganye mtu kwamba anajifunza mtandao.

Kuna wanaosema: siku hizi kila mtu ana simu. Kwanza si kila mtu. Pili, jaribu kuandika barua ya maombi ya kurasa mbili kwa kidole gumba, skrini imepasuka, bando linahesabu, halafu uniambie.

Na kuna mafundi wanaosema: zipo brauza zilizotengenezwa na wapenzi kwa ajili ya XP, kama Mypal. Zipo, na nawasifu waliozitengeneza. Lakini kuweka brauza mpya juu ya XP ni kuweka mlango wa chuma kwenye nyumba ambayo ukuta wa nyuma umeanguka. Mwizi hana haja ya kupita mlangoni.

Tufanye nini basi

Sitaki niishie kwenye kulalamika. Kuna mambo tunaweza kuanza nayo wiki hii bila kusubiri mradi.

Kila kituo kihesabu mashine zake upya. Tusihesabu vipande, tuhesabu uwezo. Tuandike prosesa gani, memori kiasi gani, ni ya biti 32 au 64. Zenye biti 64 na memori ya GB 2 kwenda juu tuzitoe XP, tuweke Linux nyepesi, kama Debian yenye meza ndogo ya LXDE au Xfce. Ni bure, inasasishwa, na ina Firefox ya leo. Firefox inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti, haitegemei ya mfumo. Haitakuwa na mbio, lakini barua pepe itafunguka na fomu itafunguka. Kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari anaweza kujifunza kuweka Linux kwa siku moja. Huo nao ni ujuzi, kuliko kucheza karata.

Tubadilishe betri za saa. Zote, siku moja.

Mashine za biti 32 tuzikubali zilivyo. Mwaka 2025 Debian 13 iliacha kutoa kisakinishi chake, na Firefox ya Linux nayo ikafunga njia hiyo. Hizo zibaki za kuandika, bila waya wa intaneti. Kwa kusoma, kompyuta moja nzuri iwekewe Kiwix. Wikipedia ya Kiswahili inakaa ndani ya fleshi, na kusoma kwake hakuli bando hata MB moja.

Tuandike kwa ukubwa juu ya kila meza: onyo likitokea, simama, muulize msimamizi. Na msimamizi asijibu "endelea" kama hajui.

Na mashirika yakija na masanduku mapya, kabla ya kusaini tuulize maswali matatu. Mfumo wake unatunzwa mpaka mwaka gani? Inafungua barua pepe na fomu za maombi hapahapa, kwa umeme wetu na intaneti yetu, tukiangalia? Ikifa, nani anaichukua? Wakishindwa kujibu, sanduku lirudi kwenye gari. Najua inatisha kulikatalia shirika. Lakini tumeona hasara ya kutokataa: chumba kimejaa mashine, na vijana wako nje wanatafuta mtandao kwenye simu iliyopasuka.

Ofisi zinazopokea maombi yetu tuziandikie pia, kituo kwa kituo, tutie sahihi. Tunataka fomu inayotunza ulichoandika, ukurasa mwepesi, na karatasi kwa asiye na njia nyingine. Hatuombi upendeleo. Dada yule wa uuguzi alikuwa na alama, alikuwa na vyeti vyake vyote kwenye bahasha, na alianza kujaza siku tatu kabla ya mwisho. Alichokosa ni ukurasa unaofunguka.